Kinubi kidogo cheusi cha Augusta Savage: kabla hujakisugua kwa ndimu

"Sisi ni Wakongo. Tulikaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa tunaishi Jacksonville, Florida. Mwezi uliopita nilinunua sanamu ndogo nyeusi kwa mama mzee aliyekuwa anahama na kuuza vitu vyake mbele ya nyumba. Ni wanakwaya waliopangwa kama kinubi, na mbele yao kijana amepiga goti. Urefu wake unazidi shubiri kidogo. Binti yangu wa miaka 16 alipoiona alipiga kelele. Wimbo wake wanauimba shuleni. Anasema ni kazi ya mwanamke aitwaye Augusta Savage, na kwamba ile kubwa yenyewe ilivunjwa na wabaguzi. Jirani ananishauri niisugue kwa ndimu na majivu ing'ae, nipate bei nzuri. Anasema huenda imetengenezwa kwa mabaki ya ile kubwa iliyoyeyushwa. Mume wangu ni mzee wa kanisa, hataki sanamu ndani ya nyumba. Hataki pia binti aendelee kufinyanga vile vichwa vya udongo nyuma ya nyumba, ambavyo kila mara vinapasuka. Nifanye nini? Na kama huyo mama alikuwa hodari hivyo, kwa nini alitumia kitu cha kuvunjika?"

Mama, kabla hujasoma mengine, rudisha ndimu jikoni. Hilo ndilo la haraka. Mengine yote yanaweza kusubiri hata mwaka, lakini sanamu ikishasuguliwa hakuna fundi atakayeirudisha ilivyokuwa.

Jirani yako hana nia mbaya. Sote tumekua tukiona sinia na mabirika ya shaba yakisuguliwa kwa ndimu, majivu na kumbi la nazi mpaka yanawaka kama jua. Kwa sinia ni sawa, kwa sababu ni shaba mwanzo mwisho. Asidi ya ndimu inayeyusha lile gamba jeusi, majivu yanaparuza, na chini yake unakuta shaba ileile. Kinubi chako sivyo kilivyo. Vinubi vidogo vya namna hii viliuzwa kama kumbukumbu kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York mwaka 1939, ambako sanamu kubwa ilisimama, na vile vinavyojulikana ni vya metali nyeupe laini iliyotiwa weusi juu. Huo weusi si uchafu. Ni sehemu ya kazi, umewekwa makusudi ili ufanane na sanamu kubwa, nayo ilipakwa rangi ionekane kama jiwe jeusi la volkano. Ukisugua, weusi utatoka kwanza pale palipojitokeza: pua za waimbaji, videvu, goti la kijana. Utabaki na kwaya nyeusi yenye pua za kijivu. Tena metali hizi nyeupe mara nyingi zina zinki, na zinki haivumilii asidi. Maji ya ndimu yatakayojificha kwenye mikunjo ya majoho yataendelea kula taratibu, na baada ya miezi utaona unga mweupe ukichomoza humo.

Niliwahi kuletewa kichwa kidogo cha mtoto kilichopitia ndimu na majivu. Mwenyewe alikipenda, alikisugua kwa mapenzi. Macho na midomo ilikuwa imelainika kama sabuni iliyotumika. Niliweza kukipaka rangi, lakini alama za vidole vya aliyekifinyanga zilikuwa zimekwenda.

Unachoweza kufanya nyumbani ni kidogo. Chukua brashi ya kuchorea yenye nywele laini, kavu kabisa, upanguse vumbi kutoka juu kwenda chini. Usitie maji, usitie mafuta. Ukikiinua, shika kitako kwa mikono miwili, usikibebe kwa vichwa vya waimbaji. Kiweke mbali na jiko na dirisha la bafuni. Na nawa mikono baada ya kukishika, kwa sababu metali za namna hii za zamani huweza kuwa na risasi. Watoto wadogo wasikipeleke mdomoni.

Sasa hilo la mabaki yaliyoyeyushwa. Haliwezekani, na sababu yake ndiyo jibu la swali lako la mwisho: sanamu kubwa haikuwa ya chuma wala ya shaba. Ilikuwa ya plasta. Plasta haiyeyuki ikawa kitu kingine. Ikivunjwa, inabaki kifusi.

Niruhusu nieleze plasta ni nini. Unaijua tayari, ila labda hukujua kuwa ni ndugu wa sanamu. Ni jasi, ileile ya dari za jipsam, na ileile anayofungwa mtu hospitali akivunjika mguu. Jasi ni jiwe lililoshika maji ndani yake. Ukilichoma kwenye joto la nyuzi 150 hivi, linaachia robo tatu ya maji hayo na kuwa unga. Ukiurudishia maji, unga unayadaka, unajijenga upya kwa sindano ndogo zinazosukana, na huku ukisukana unatoa joto. Baada ya nusu saa hivi una jiwe jeupe. Kwa mfinyanga sanamu hili ni jambo la ajabu, kwa sababu uji wa plasta huingia kila mkunjo wa kope na kila mstari wa kiganja, kisha ukaganda hapo hapo bila kusinyaa.

Augusta Savage, Mmarekani mweusi, alikuwa mtu wa udongo. Kiswahili kinatupa neno moja, mchongaji, tukimaanisha kila mwenye kutengeneza sanamu, lakini kuchonga ni kupunguza na kufinyanga ni kuongeza. Yeye aliongeza. Alianza na umbo la udongo mbichi kwenye mifupa ya mbao na waya. Udongo wa namna hiyo hauwezi kuachwa ulivyo, maana ukikauka unasinyaa, mifupa haisinyai, na matokeo yake ni nyufa. Kwa hiyo unauvisha plasta, ikikauka unaibandua, na hapo una kalibu. Ndani ya kalibu unamwaga plasta nyingine iliyotiwa nyuzi za katani kuipa nguvu, na sanamu inatoka nyeupe, kamili. Hapo ndipo njia inapogawanyika. Mwenye fedha anaipeleka kwa wasubu ikamwagwe kwa bronzi, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Asiye na fedha anaipaka plasta rangi ifanane na bronzi au jiwe, na anangoja siku nzuri.

Maisha yote ya Augusta Savage yalikuwa kungoja siku hiyo. Kazi yake inayopendwa kuliko zote, Gamin, kichwa cha kijana wa mtaani mwenye kofia iliyolalia upande, ipo katika jumba la Smithsonian mjini Washington. Ina urefu wa inchi 9 tu. Ukiiangalia utadhani ni shaba. Ni plasta iliyopakwa rangi.

Kwa hiyo tusiseme alichagua kitu cha kuvunjika. Hebu pima mwenyewe, una kinubi hapo nyumbani. Kama ni cha kawaida kitakuwa na sentimita 27 hivi. Kinubi kikubwa kilikuwa na futi 16, karibu mita 5. Ni mara 18 ya urefu wa chako. Lakini metali haifuati urefu peke yake. Inafunika mwili wote, mbele, nyuma na ubavuni, kwa hiyo zidisha 18 kwa 18: eneo la kufunikwa ni zaidi ya mara 300. Na ngozi ya sanamu kubwa lazima iwe nene kuliko ya ndogo. Kisha ongeza nta, kalibu za tanuru, kuni au mafuta ya kuyeyusha bronzi kwenye nyuzi kama 1,100, mafundi wa kuunganisha vipande na kufuta viungo. Hakuna mwalimu wa sanaa wa Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, wa miaka ya 1930 aliyekuwa na fedha hiyo mfukoni. Anayelipa gharama ya namna hiyo ni serikali, tajiri, au kamati iliyoamua kuwa mtu huyu anastahili kukumbukwa.

Binti yako amekwambia ile kubwa ilivunjwa na wabaguzi. Namwelewa, na amekaribia ukweli, ila si hivyo lilivyotokea. Hakuna kundi lililokuja na nyundo usiku. Maonyesho ya Dunia ya New York yalifunguliwa Aprili 1939 pale Flushing Meadows, Queens, na yalifungwa Oktoba 1940. Mapambo na sanamu nyingi pale zilijengwa kwa plasta zikae misimu miwili tu. Maonyesho yalipokwisha, kilichokuwa hakina wa kukihamisha kilibomolewa kwa matingatinga. Kinubi kilikuwemo. Hapakuwa na fedha ya kukisubu, wala ya kukibeba, wala mahali pa kukihifadhi. Kazi za wengine pia zilikwenda.

Lakini usimwambie binti kwamba ubaguzi haumo. Umo, umekaa mahali pengine. Umo katika swali la kwa nini mwanamke aliyefika hapo hakuwa na hata mfadhili mmoja wa kumwambia, "Kazi yako hii naibeba." Ili uone hilo lazima nikurudishe nyuma, na safari inaanzia karibu sana na kwenu.

Alizaliwa tarehe 29 Februari 1892 huko Green Cove Springs, mwendo mfupi kwa gari kusini mwa Jacksonville, akiitwa Augusta Fells. Ulikuwa mji wa udongo mwekundu, udongo wa matofali, naye alifinyanga bata na wanyama wengine wa uani tangu akiwa mtoto. Familia ilikuwa na watoto 14. Baba yake, Edward Fells, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti, na kwake vile vibata vilikuwa sanamu za kuchonga zilizokatazwa. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba baba alimchapa mara nne au tano kwa wiki, karibu amtoe sanaa yote mwilini kwa fimbo. Nitarudi kwa baba huyu, kwa ajili ya mzee wako.

Akiwa kijana familia ilihamia West Palm Beach, kwenye mchanga usiofinyangika. Mfinyanzi mmoja wa huko akampa udongo, akaanza upya. Shule ikamlipa dola 1 kwa siku kufundisha wenzake. Mwaka 1919 alipata zawadi ya dola 25 kwenye maonyesho ya wilaya, na msimamizi wa maonyesho hayo, George Graham Currie, akamhimiza aende New York. Alifika 1921 akiwa na dola 4 na senti 60. Akaingia chuo cha Cooper Union, ambako masomo hayakulipiwa ada, akamaliza kozi ya miaka minne kwa miaka mitatu.

Mwaka 1923 aliomba nafasi ya masomo ya kiangazi Fontainebleau, Ufaransa. Kamati ya Wamarekani iliyochagua wanafunzi ilimkatalia kwa rangi yake. Wasichana weupe wa Alabama waliochaguliwa hawakutaka kusafiri naye. Angeweza kunyamaza, wengi walinyamaza zama hizo. Yeye alilipeleka magazetini. Likawa gumzo pande zote mbili za bahari, ingawa uamuzi haukubadilishwa. Mjumbe mmoja wa kamati, mchongaji Hermon MacNeil, aliona aibu akamkaribisha ajifunze kwake. Lakini sifa ya "mkorofi" ilimfuata, na milango ya majumba ya sanaa ikazidi kuwa migumu.

Miaka miwili baadaye akapata nafasi ya kusoma Roma, ada imelipwa. Hakwenda. Nauli na fedha ya kula hakuwa nazo. Wakati huo alikuwa anafua na kupiga pasi kwenye kiwanda cha dobi ili kutunza wazazi na ndugu. Hapa huwa natulia kila nikifundisha habari zake: mikono iliyokwisha kufinyanga uso wa W. E. B. Du Bois, msomi na mtetezi mkubwa wa haki za watu weusi, inapiga pasi mashati ya watu. Ni mpaka 1929, kwa ajili ya Gamin, ndipo alipopewa ufadhili wa mfuko wa Julius Rosenwald, na watu wa Harlem nao wakachanga, akaenda Paris. Alikuwa na miaka 37.

Aliporudi 1931 Marekani ilikuwa imefilisika. Hakuna aliyenunua sanamu. Akafungua studio Harlem akafundisha yeyote aliyetaka. Jacob Lawrence, ambaye leo michoro yake imo katika majumba makubwa ya Marekani, alikuwa kijana wa mtaa huo. Wakati serikali ilipokuwa inawaajiri wasanii, Savage alimpeleka aandikishwe, wakaambiwa hajafikisha umri wa miaka 21. Kijana alikwisha sahau. Savage hakusahau. Alipofikisha umri alimrudisha palepale, akaajiriwa. Mwaka 1937 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Kituo cha Sanaa cha Jamii ya Harlem.

Mwaka huohuo Maonyesho ya Dunia yakampa kazi: atengeneze sanamu ya mchango wa watu weusi katika muziki wa Marekani. Alikuwa mmoja wa wanawake wachache sana waliopewa kazi pale, na mwanamke mweusi peke yake. Akaomba likizo kwenye ukurugenzi, akajifungia na udongo kwa muda wa karibu miaka miwili. Alichukua wimbo wa rafiki yake James Weldon Johnson, mzaliwa wa Jacksonville, huo huo anaouimba binti yako: Lift Every Voice and Sing, yaani Inueni Kila Sauti Mwimbe. Uliimbwa mara ya kwanza mjini kwenu mwaka 1900, na watoto wa shule 500. Johnson alifariki 1938, sanamu haijamalizika.

Sasa kitazame kinubi chako upya. Zile nyuzi ni waimbaji, warefu upande mmoja wakishuka wafupi upande wa pili, na mikunjo ya majoho yao ndiyo mistari ya nyuzi. Kile kinachowabeba chini yao, ambacho wengi hudhani ni mbao tu ya kinubi, ni mkono. Fuata kutoka kwenye kiwiko mpaka vidole. Ni mkono wa Mungu. Na kijana aliyepiga goti mbele ameshika maandishi ya muziki, anautoa wimbo kwa dunia. Wakuu wa maonyesho waliiita "Kinubi". Yeye alikuwa ameipa jina la wimbo. Mimi humwambia kila mtu atumie jina lake kwanza.

Alipotaka kurudi kazini kwake, cheo kilikuwa kimepewa mwingine. Akafungua ukumbi wake wa kuuza sanaa ya watu weusi mtaa wa 125 huko Harlem, mwaka huohuo wa 1939. Watu walikuja kutazama, wanunuzi hawakuwepo, ukafungwa haraka. Kinubi kikavunjwa. Mwaka 1945 alihamia shamba dogo Saugerties, kaskazini mwa jiji. Alifuga kuku na njiwa, alifanya kazi kwenye maabara ya kilimo cha uyoga, akawafundisha watoto wa jirani kufinyanga. Alifariki Machi 26, 1962, wengi wakiwa wamemsahau. Kazi nyingi za mikono yake tunazijua kwa picha tu. Miaka ya nyuma alishasema kwamba kama angeweza kumwamsha kijana mmoja wapo wa wale aliowafundisha, basi mnara wake ungekuwa katika kazi zao. Watu huisoma kauli hiyo kama faraja. Mimi naisoma pia kama maneno ya fundi aliyejua vizuri plasta hudumu kiasi gani. Lita moja ya maji inaweza kuyeyusha kama gramu 2 za jasi. Mvua haihitaji haraka.

Turudi kwenye sanamu yako, ni ya kweli au la? Kwa picha na maelezo siwezi kukuhakikishia, na yeyote atakayekuhakikishia kwa simu usimwamini. Unaweza kuangalia mambo machache wewe mwenyewe. Sogeza sumaku karibu bila kuisugua: ikidaka, ni chuma cha kawaida, na hapo nina wasiwasi. Kipime mkononi: kikiwa chepesi kama bakuli la plastiki na hakina ubaridi ukikigusa, huenda ni cha resini cha siku hizi. Angalia chini ya kitako na pembeni kama kuna maandishi. Tazama nyuso kwa tochi iliyolazwa upande. Kwenye nakala ya nakala, macho na midomo huwa yamefifia, kwa sababu kila kalibu inapoteza kidogo. Usikwaruze "kuona ndani kuna nini".

Baada ya hapo, kipeleke kwa watu, na bahati yako ni kubwa kuliko ya wasomaji wengi wanaoniandikia. Chuo Kikuu cha North Florida, hapo hapo Jacksonville, kina kinubi kama hicho katika maktaba yake ya Thomas G. Carpenter, kwenye mkusanyo wa Eartha M. M. White. Piga simu idara ya makusanyo maalumu, eleza ulichonacho, uliza kama mnaweza kwenda na cha kwenu mkilinganishe. Jumba la sanaa la Cummer, pia mjini kwenu, liliandaa maonyesho makubwa ya kazi zake mwaka 2018. Hata wao wanaweza kukuelekeza kwa mhifadhi wa metali. Huyo mhifadhi usimkose kama utaona unga mweupe, ufa, au mwimbaji anayecheza ukimgusa. Usigundishe kwa gundi ya dukani.

Kuhusu kuuza, sitakuficha: kikiwa halisi, kitakuwa na thamani ya fedha, na najua familia iliyohamia nchi ngeni ina mahitaji. Kukiuza si dhambi kwa Savage, vilitengenezwa viuzwe. Ila pata tathmini ya maandishi kwa mtu asiyetaka kukinunua yeye mwenyewe. Mthamini ambaye pia ndiye mnunuzi ana sababu ya kutaja bei ndogo. Njia nyingine ni kukiazimisha au kukitoa kwa taasisi, mkapata utulivu wa kujua kiko salama, bila fedha. Au kukiweka nyumbani. Moyo wangu unapendelea mkiweke, angalau mpaka binti amalize shule, lakini mimi silipi kodi ya nyumba yenu. Vyovyote mtakavyoamua, andikeni leo kwenye karatasi mlikinunua wapi, tarehe gani, na mama yule alisema nini kukihusu. Kama hajahama bado, rudi umuulize kilifikaje kwake. Historia hiyo ikipotea hairudi.

Kwa mzee wako nazungumza kwa heshima, sitaki kuingia kati ya mtu na imani yake. Namwomba tu asome pamoja na binti Kutoka sura ya 31, Bezaleli alivyojazwa roho ya Mungu afanye kazi za ustadi. Na Wafalme wa Kwanza sura ya 7, Hiramu wa Tiro alivyosubu ng'ombe 12 wa shaba kwa ajili ya hekalu la Sulemani. Mafundi wale walifinyanga na kusubu, na hawakuambiwa wameabudu sanamu. Amri inakataza kusujudia. Hapo nyumbani hakuna anayesujudia, na kwenye kinubi hicho wanaoonekana ni watu wanaomwimbia Mungu wakiwa mkononi mwake. Na yule mhubiri Fells niliyemtaja? Augusta alipofinyanga sanamu ya Bikira Maria, baba alipoiona alijutia aliyoyafanya. Mchungaji wenu anaweza kuongea na mzee vizuri kuliko mimi. Mwendeeni wote wawili, na binti apeleke kazi yake.

Binti mwenyewe, vichwa vyake vinapasuka kwa sababu moja kati ya mbili, au zote. Ama anafinyanga bonge zima bila kulichimba ndani, nje inakauka na kusinyaa huku ndani kungali na maji, au anatia vijiti ndani ambavyo havisinyai. Afanye hivi: udongo ukifikia ugumu wa jibini, akate utosi wa kichwa kwa uzi, achimbe ndani mpaka ukuta ubaki unene wa kidole, atoe kijiti, arudishe utosi kwa tope zito la udongo uleule, kisha akifunike kwa mfuko wa plastiki kikauke polepole wiki mbili au tatu. Shule nyingi za sekondari Marekani zina tanuru la udongo. Amuulize mwalimu wake wa sanaa, asichome nyumbani.

Na akifika kwenye plasta, sharti moja lisilo na mjadala: asizamishe mkono wala mguu ndani yake kutengeneza umbo. Lile joto nililoeleza, kwenye bonge kubwa, hupanda mpaka kuunguza nyama, na plasta ikishashika mkono hautoki. Watu wamepoteza vidole hivyo. Avae barakoa ya vumbi anapochanganya, na mabaki yasimwagwe kwenye sinki, yataganda kwenye bomba. Plasta hata mara moja asijaribu peke yake. Mara ya kwanza awe na mwalimu kando.

Mkienda maktaba, kifungeni kinubi kwa shuka ya pamba iliyofuliwa, si gazeti, kisimame wima ndani ya boksi, nguo zikijaza pembeni kisitikisike. Binti akibebe yeye. Wakiviweka viwili pamoja mezani, mwambie asianze na waimbaji. Aanze na ule mkono, aulinganishe kidole kwa kidole.